SOMO: Kupima maisha ya hali ya msisimko ya chuma-57

Wakuu, kiini cha chuma-57 kikiwa kwenye hali ya msisimko (yenye nishati ya ziada) ya 14.4 keV (keV ni kipimo cha nishati) hakikai sana: nusu-maisha yake, yaani muda ambao nusu ya viini huwa vimetoka kwenye hali hiyo, ni nanosekunde 98. Muda huo unapimika kwa vifaa vya kawaida vya maabara ya chuo.

Hatua ya 1. Tafuta chanzo kilichofungwa cha kobalti-57, chini ya uangalizi wa msimamizi wa mionzi. Kobalti hugeuka kuwa chuma, na mara nyingi kiini hutoa gama (mnururisho wa nishati kubwa) ya 122 keV kinapoingia kwenye hali yetu, kisha ya 14.4 keV kinapotoka. Ya kwanza inaanzisha saa, ya pili inaisimamisha.

Hatua ya 2. Tumia vigunduzi viwili vya iodidi ya sodiamu. Cha 14.4 kiwe na kristali nyembamba na dirisha la berili, maana mionzi dhaifu hivyo humezwa na ganda la kawaida.

Hatua ya 3. Chuja nishati kila upande, kisha peleka ishara kwenye kigeuzi cha muda kuwa volti, upeo wa mikrosekunde 1.

Hatua ya 4. Rekebisha kipimo cha muda kwa kuongeza kebo upande wa kusimamisha. Kebo ya koaksi huchelewesha takribani nanosekunde 5 kwa mita.

Hatua ya 5. Acha ikusanye usiku kucha. Sasa tulia hapa, ndipo majibu mengi yanapoharibika. Mkia wa grafu (idadi ya jozi za gama kwa kila muda uliopimwa) haufiki sifuri, kwa sababu kuna jozi za bahati tu, gama mbili za viini tofauti. Toa kiwango hicho kwanza, ndipo uchukue logi. Ukikiacha, mstari unapinda na nusu-maisha inatoka ndefu kuliko ilivyo. Ukipata mstari ulionyooka, gawa 0.693 kwa mteremko wake.

MASWALI

*Mkuu, mbona jozi ni chache? Niongeze nguvu ya chanzo?*
Hapana. Takribani mara 10 tu kati ya 100 hali hii hutoa gama; zilizobaki nishati huchukuliwa na elektroni ya atomi yenyewe. Ukiongeza chanzo mara mbili, jozi za kweli huwa mara mbili, za bahati mara nne. Ongeza muda.

*Kitabu changu kinasema 141, si 98.*
Hiyo 141 ni wastani wa maisha: 98 gawa kwa 0.693.

*Na hali za pikosekunde?*
Hapo tunapima umbali. Kiini kinachoruka kwa asilimia 3 ya kasi ya mwanga husafiri mikromita 9 kwa pikosekunde moja. Wekea karatasi ya metali ya kukizuia mbele: gama iliyotoka njiani ina nishati iliyosogea kwa athari ya Doppler (nishati hubadilika kwa sababu chanzo kinasonga), iliyotoka baada ya kusimama haikusogea. Badilisha umbali, linganisha vilele viwili.