Kupanga nyaya kwenye DB ya nyumba ili fundi atakayekuja asikulaani

Picha za DB (boksi la breka linalogawa stima nyumbani) zinazozunguka kwenye makundi ya mafundi huku Kisumu zinavutia. Nyaya zimebanwa fungu moja kama msuko wa twende kilioni, tai zimefuatana bila nafasi. Halafu breka moja inaungua, na fundi aliyeitwa usiku kule Nyalenda hawezi kutoa waya mmoja bila kukatakata fungu zima. Kwangu mimi DB nadhifu ni ile ambayo mtu asiyekujua ataifungua, aone kila waya unatoka wapi na unaenda wapi, autoe mmoja na wa jirani usitikisike.

Hapa nazungumzia DB ya nyumba ya kawaida: fezi moja, volti 240, nafasi 12 za breka. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka inayosimamia nishati Kenya), au mwanagenzi anayesimamiwa naye. Mwenye nyumba asome ajue cha kudai, bisibisi aiache.

Hatua ya 1: Zima, kisha pima

Swichi kuu ikizimwa, vichwa vya nyaya zinazotoka kwenye mita bado vina stima. Nyumba ikiwa mpya, maliza kila kitu kabla ya Kenya Power kuwasha laini. Ikiwa tayari inatumika, laini izimwe kabla haijafika kwenye DB, na siili ya mita si yako kukata. Jaribu tesita yako mahali penye stima, pima DB, kisha irudishe pale pa kwanza uhakikishe bado ni nzima. Ile bisibisi yenye kitaa ndani haitoshi kwa kazi hii.

Hatua ya 2: Anza na karatasi

Orodhesha saketi zote, yaani kila njia ya stima yenye breka yake, kabla ya kufungua boksi. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala mara nyingi huwa na taa saketi mbili (waya wa milimita mraba 1.5, breka ya ampea 6 au 10), soketi saketi mbili (waya wa 2.5, breka ya 20), kuka ya stima, na hita ya bafuni. Hita hiyo ndiyo huunguza DB nyingi. Ya kilowati 5.5 huvuta takribani ampea 23, na bado utakuta mtu ameichomeka kwenye saketi ya soketi. Ipe breka yake ya 32 na waya wa 6.

Panga breka kubwa karibu na swichi kuu, ndogo zifuate, na uache nafasi mbili wazi. Mwenye nyumba atakwambia haongezi kitu. Ataongeza pampu ya maji.

Hatua ya 3: Funga boksi ukutani

Tumia pima maji. Boksi likienda upande, hakuna mpangilio wa nyaya utakaoliokoa. Piga tupa kingo za kila tundu ulilotoboa, uweke raba au glendi, maana chuma kibichi hukata ganda la waya polepole. Boksi likiwa la chuma, laivu (waya unaoleta stima) na nyutro (unaoirudisha) za saketi moja zipite tundu moja; ukizitenganisha, chuma kilicho katikati kitapata joto.

Kisha ziba. Upande wa juu pasibaki pengo la kupitisha hata waya wa milimita 1. Anayeishi karibu na ziwa anajua wale wadudu wanaokuja kama moshi jioni. Wakiingia wao, mjusi huwafuata, na mjusi akikanyaga laivu na nyutro kwa pamoja huo ni mwisho wake na pengine wa breka.

Hatua ya 4: Ingiza na ulaze nyaya

Kabla ya kukata hata waya mmoja, bandika kipande cha tepu kwenye kila jozi na uandike jina. Acha urefu wa kufika kona ya mbali ya boksi na kidogo juu yake. Waya mrefu utaupunguza. Mfupi utakutia majaribuni ya kuunga ndani ya DB.

Laza za athi (waya wa ardhini) kwanza, nyuma kabisa. Zifuate za nyutro. Za laivu ziwe za mwisho na za mbele, kwa sababu ndizo zitakazoguswa mara nyingi baadaye. Zipitishe kandokando ya boksi, kona ziwe za mviringo, usizivunje kwa koleo. Tai moja kila sentimita 10 hivi inatosha, na ikazwe kiasi cha kuweza kuzungusha fungu kwa vidole. Nyaya zenye mzigo mkubwa zikibanwa pamoja hupashana joto, kwa hiyo za kuka na hita zitembee peke yake. Mkia wa tai ukate sawasawa na kichwa chake. Ukikatwa mshazari huwa wembe, na utamchana mkono mwenzako.

Halafu jambo linalorahisisha maisha kuliko yote: laivu ya breka ya 3 iwe na nyutro yake kwenye tundu la 3 na athi yake kwenye tundu la 3. Saketi zinazolindwa na RCD (swichi inayojizima stima ikivuja) ziwe na nyutro zao kwenye baa ya RCD hiyo. Nyutro moja ikipotea njia, RCD itaanguka kila mtu akiwasha taa, nawe utazunguka nyumba nzima ukitafuta waya uliochubuka ambao haupo.

Hatua ya 5: Rangi

Nyumba za zamani zina laivu nyekundu na nyutro nyeusi. Mpya zina kahawia na buluu. Mpaka hapo hakuna shida. Hatari iko kwenye fezi tatu, ambako buluu ya mfumo wa zamani ni fezi, na nyeusi ya mfumo mpya pia ni fezi. Ukiongeza saketi kwenye jengo la zamani, pima, usiamini macho, kisha bandika onyo mlangoni kwamba kuna rangi za aina mbili. Kijani chenye mistari ya njano ni athi pekee, hata kama ndicho kipande kilichobaki kwenye roli.

Hatua ya 6: Kuingiza kwenye breka

Hapa usiwe na haraka. Menya waya milimita 10 hadi 12 bila kukwaruza shaba. Waya wa nyuzi nyingi uvishe feruli, kijibomba kinachobana nyuzi pamoja. Sasa chungulia mdomo wa breka kwa tochi: ndani kuna kibanio kinachopanda unapokaza skrubu. Kikiwa kimepanda nusu, waya hupita nyuma yake. Skrubu itakaza, mkono utakuambia kazi imeisha, na waya utakuwa umeegemea tu. Meno ya busba (kipande cha shaba kinachogawia breka stima) nayo huteleza vivyo hivyo. Fungua skrubu mpaka mwisho, ingiza, kaza kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha vuta kila waya mmoja mmoja. Shaba isionekane nje, na ganda lisibanwe ndani.

Kwa radi za huku kwetu magharibi, mwambie mwenye nyumba anunue kikinga mawimbi ya stima, yaani kifaa kinachozuia stima inayoruka ghafla. Nyaya zake, ukijumlisha upande wa laini na wa athi, zisizidi sentimita 50. Ukiuzungusha waya wake boksi nzima ili upendeze, umekipunguzia nguvu.

Hatua ya 7: Safisha, pima, washa

Toa kila kipande cha shaba kwa brashi. Stima ikiwa bado haijawashwa, pima mwendelezo wa athi, kisha insulesheni (uzima wa maganda ya nyaya) kwa volti 500. Isipungue megaomu 1. Balbu, vifaa vya elektroniki na kikinga mawimbi vitolewe kwanza. Ukishawasha, hakikisha laivu na nyutro hazijageuzwa kwenye soketi, na ubonyeze kitufe cha T (cha kujaribu) cha RCD.

Hatua ya 8: Lebo

Mali bila daftari huisha bila habari, na DB vilevile. Andika "soketi za jikoni", "taa za nje na choo", si "S1" wala "L2", kwa maneno ambayo mama mwenye nyumba angetumia. Karatasi iwe imefunikwa kwa plastiki na ibandikwe ndani ya mlango pamoja na tarehe, kwa sababu kalamu ya wino juu ya chuma hufutika. Kabla ya kurudisha kifuniko piga picha ya ndani umtumie mwenye nyumba kwenye simu, kisha mwonyeshe kitufe cha T kiko wapi ili akibonyeze mwenyewe mara kwa mara.