Kuandaa Safari ya Pamoja ya Ndege Ndogo kutoka Dodoma

Wamiliki wa ndege ndogo wanaotaka kuruka pamoja kutoka Dodoma hadi Iringa wakutane siku moja kabla, wakubaliane nani atatangulia, kila mmoja atapita kimo gani, na wote watageuzia wapi endapo mawingu yatashuka. Yenye kasi itangulie.

Jambo linalostahili muda mwingi zaidi ni joto. Uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mchana, iliyo nyepesi kwa sababu ya kimo na ya joto pia, hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa, hata ndege yenye watu wanne na matangi yaliyojaa ikahitaji njia ya kurukia ndefu kuliko inavyohitaji pwani. Kwa hiyo ondokeni asubuhi mapema, na mizigo ipimwe kwa mizani, si kwa macho.

Kabla ya kuwasha injini, kinga mafuta kidogo kutoka chini ya kila tangi kwenye chupa angavu, kisha uiinue kwenye mwanga: petroli ya ndege ya aina ya 100LL (oktani 100, yenye risasi kidogo) ni ya buluu, na maji, yakiwamo, hutulia chini bila rangi. Mwenzako naye aitazame chupa hiyo; kwangu mimi, huo ndio urafiki wenyewe wa marubani.

Njiani, bwawa la Mtera litawathibitishia mwelekeo. Atakayetua kwanza abaki uwanjani, redio ikiwa wazi, mpaka wa mwisho azime injini.