Somo: Jina la kati la mtoto, tuanzie hapo kabla ya lile la ubatizo

Wazazi wengi hapa Kenya humaliza miezi tisa wakibishana kama ni Liam au Ethan, Ivy au Zuri. Jina la kati huja kuamuliwa wodini, mama hajakaa sawasawa kitandani na nesi amesimama na kalamu. Mimi nasema mgeuze. Jina la kwanza ni lenu wawili, chagueni mnalolipenda. La kati ndilo lenye wenyewe, na ndilo litakalowaletea simu kutoka ushago. Likishakubalika, la kwanza mtalipata jioni moja tu.

Hatua ya 1: Jueni ni mila gani inayoshika usukani

Kwa Wakikuyu foleni inajulikana. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama. Wasichana hufuata nyanya zao kwa mpangilio huohuo. Kamau ambaye babake ni Njoroge akipata kifungua mimba wa kiume, huyo ni Njoroge Kamau, na hakuna haja ya kikao. Tazameni nyumba ya Mzee Jomo Kenyatta: babake aliitwa Muigai, na wanawe wawili wa mama tofauti, Peter na Uhuru, wote wakapewa Muigai, maana kila nyumba huanza foleni yake.

Kwingine jina huja na mtoto mwenyewe. Mjaluo huangalia saa na hali: Otieno au Atieno wa usiku, Ochieng au Achieng wa jua kali, Okoth au Akoth wa mvua, Owino au Awino aliyezaliwa kitovu kimemzunguka. Lile Amondi la Lupita Nyong'o ni la alfajiri. Wakalenjin nao wana Kip- ya wavulana na Chep- ya wasichana: Kipruto alizaliwa safarini, na Chepngetich, jina la bingwa wetu Faith Kipyegon, ni la asubuhi ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Waluhya wa Bungoma watakupa Wafula au Nafula msimu wa mvua, na Wekesa au Nekesa wakati wa mavuno.

Kama ninyi ni wa kundi hili, msijifunge mapema. Lakini mwambieni mtu aangalie saa mtoto anapotoka! Nimeshuhudia ukoo mzima ukivutana kama mtoto ni Omondi wa alfajiri au Okinyi wa asubuhi kwa sababu kila shahidi alikuwa na alfajiri yake.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani mara nyingi hawana mjadala huu. Fatma ni Fatma Ali Salim, Ali akiwa baba na Salim babu. Wao nguvu zote huziweka kwenye jina la kwanza.

Hatua ya 2: Zungumzeni na pande zote mbili kabla mimba haijafika miezi minane

Si kuomba ruhusa, ni kutoa heshima. Mama mkwe akisikia mpango kutoka kwenu atauliza swali moja au mawili. Akiusikia kwa shangazi, atauliza kwa miaka kumi.

Hatua ya 3: Liiteni jina zima kwa sauti

Liiteni kama mwalimu anayesoma rejista. Hapo ndipo mtagundua kwamba baba akiwa Otieno na mtoto akazaliwa usiku, mnapata Brian Otieno Otieno, na kila karani atadhani amekosea kuandika. Angalieni na herufi za mwanzo. Faith Atieno Ochieng ni jina zuri, ila shuleni ataitwa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa.

Fikirieni pia binamu. Kwa Wakikuyu wa zamani, wajukuu wote wa Njoroge walitofautishwa na majina ya baba zao. Siku hizi familia nyingi zimeshika jina moja la mwisho, kwa hiyo mnaweza kuwa na akina Njoroge Kamau watano kwenye meza moja ya Krismasi. Hapo jina la kwanza ndilo litakalobeba kazi yote.

Hatua ya 4: Amueni tahajia, muiandike kwenye karatasi

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa na ndiyo inayoumiza. Nesi ataandika anachosikia. Muthoni anakuwa Mudhoni, Atieno anakuwa Athieno. Majina yenye ng' ni shida zaidi: Ng'ang'a anaweza kuwa Ng'ang'a kwenye cheti cha kuzaliwa, Nganga kwenye pasipoti na Ng Ang A kwenye risiti ya benki, na siku ya kutafuta kazi anaulizwa kama hao ni watu watatu. Chagueni namna moja, muiandike kwa herufi kubwa, muiweke kwenye mkoba wa hospitali pamoja na nepi.

Hatua ya 5: Soma kabla hujatia sahihi

Ile karatasi ya hospitali ndiyo mama wa cheti. Isome herufi kwa herufi kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani. Aliyejifungulia nyumbani aende kwa naibu wa chifu. Andikisheni ndani ya miezi 6, la sivyo mnaingia kwenye usajili wa kuchelewa, wenye karatasi nyingi zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni Mkikuyu, mume wangu Mjaluo. Nataka binti abebe jina la mama yangu, Wanjiru. Wakwe wanasema haifai kwa sababu mama bado yuko hai. Nifanyeje, dada?*

Hapo hakuna aliyekosea. Kwenu kumpa mtoto jina la nyanya aliye hai ni baraka. Kwao majina ya jamaa hurithiwa kwa waliokwisha kwenda. Rasmi mpeni la saa aliyozaliwa, na wewe na mama yako mwiteni Wanjiru nyumbani. Kuna wanaoweka majina manne, ila fomu nyingi zina nafasi tatu, na mara nyingi litakaloachwa ni hilo mlilolipigania.

*Namlea mwanangu peke yangu. Je, la kati na la mwisho yote yanaweza kutoka kwetu?*

Yanaweza. Wengi huweka la babu upande wa mama mwishoni. Usichanganye jina la mtoto na ile nafasi ya jina la baba kwenye cheti. Hayo ni mambo mawili. Kuhusu nafasi hiyo, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba kifungu cha 12 cha sheria ya usajili wa vizazi na vifo, kilichokuwa kikimzuia mama asiyeolewa kuandikisha jina la baba bila baba mwenyewe kukubali, kinakiuka Katiba.

*Mume ni Mtanzania, tunahamia Mwanza. Mbona anasema jina la kati si la kuchagua?*

Shemeji yetu yuko sawa. Huko jina la pili kwa kawaida ni la baba: Samia ni binti Suluhu, Jakaya ni mwana wa Mrisho. Wapo waliopangwa vingine, kama Mwalimu Nyerere, ambaye Kambarage lilikuwa jina lake mwenyewe hadi Julius la ubatizo likaja kukaa mbele. Lakini kama mtaishi huko, fuateni ya huko, jina la kwenu liwe la kwanza.

*Mume wangu anataka jina la kati liwe Saka. Arsenal imemharibu.*

Mwache aende akamweleze babake mwenyewe.

*Cheti kiliandikwa Wambul badala ya Wambui. Mtoto sasa ana miaka minne. Tumechelewa?*

Kwa jina lililobadilishwa, sheria inawapa wazazi miaka miwili tangu usajili kuliandikisha. Lakini hili lenu ni kosa la kuandika. Nenda ofisi ya usajili ya kaunti ukiwa na karatasi ya hospitali, kadi ya kliniki na vitambulisho vya wazazi, uombe masahihisho. Wakikutaka hati ya kiapo, iandae kwa wakili. Lifanye mapema, kabla shule haijaandikisha jina hilo kwa tathmini ya Gredi ya 6.