"Akija" ni "if" au "when"?

Kiambishi -ki- hubeba maana mbili ambazo Kiingereza huzitenganisha. "Akija nitamwambia" inaweza kuwa "If he comes, I'll tell him" au "When he comes, I'll tell him". Jiulize kama kuja kwake ni hakika. Ni hakika? Tumia "when". Huenda asije? Tumia "if". Ukimwandikia mgeni "If you arrive on Monday" ilhali tiketi ameshakata, utaonekana una shaka na safari yake.

Ukishachagua, usitie "will" ya wakati ujao baada ya neno hilo, hata kama jambo lenyewe ni la kesho. "When he will come, I'll tell him" ni kosa. "Will" ikae upande wa pili wa sentensi. Kanuni hiyo hiyo inazihusu "until", "before", "after" na "as soon as".

"Before" ina mtego mwingine. Sisi husema "kabla hajaondoka", kwa ukanushi, lakini Kiingereza hutaka "before he leaves". "Before he doesn't leave" haieleweki kabisa.

"Unless" nayo tayari ina ukanushi ndani yake. "Usipolipa, hutaingia" ni "Unless you pay, you won't get in". Ukiandika "unless you don't pay" umegeuza maana: anayelipa ndiye anayezuiwa mlangoni! Ukisitasita, andika "if you don't pay", basi.