Somo: Kulifuata jiwe la urani kwa gari, siku nne New Mexico

Wengi wanaokuja New Mexico kutazama historia ya nyuklia wanapanda Los Alamos, mji wa mlimani lilikoundwa bomu la kwanza la nyuklia, wanapiga picha na sanamu ya Oppenheimer, mkuu wa wanasayansi walioliunda, wanashuka, wamemaliza. Huko ni kumwona mpishi bila kuliona jiko, na shambani ndiyo usiseme.

Mimi naishi Albuquerque, kwetu Songea. Njia hii nimeizunguka mara tatu na kila nilipoleta wageni niliipanga upya, hadi nikaona mpangilio unaofaa ni mmoja: fuata jiwe la urani, madini ambayo bomu hutokana nayo. Anza lilikochimbwa, nenda kwa waliolipigia hesabu, malizia lilipolipuka. Kitarehe mpangilio huu una kasoro, nitaieleza kwenye maswali, lakini ukilala Ijumaa usiku ukiwa umeshaona machimbo, Jumamosi hutasimama pale jangwani kama mtalii wa kawaida.

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, mengine baadaye

Trinity, mahali bomu la kwanza la nyuklia lilipojaribiwa, pako ndani ya eneo la jeshi la kurushia makombora la White Sands. Raia huruhusiwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Zamani kulikuwa na siku nyingine Aprili. Kuingia ni bure na hakuna kuweka nafasi, ila angalia tangazo la jeshi wiki hiyohiyo, maana siku hiyo imewahi kufutwa, kama mwaka 2020.

Mara yangu ya kwanza nilijiendea tu mwezi Septemba, kwa kujiamini. Karibu kilomita 170, nikakuta geti limefungwa. Nikageuza.

Kwa hiyo safari yako inaanza Jumatano ya wiki hiyo na kuishia Jumamosi.

Hatua ya 2: Gari na mzigo

Gari dogo linatosha, njia zote nilizoandika hapa ni lami. Beba maji mengi kuliko unavyodhani, kofia, na koti, kwa sababu Los Alamos iko mita zipatazo 2,200 juu ya bahari na asubuhi ya Oktoba huko inang'ata. Viatu viwe vya kufunika mguu wote. Kandambili waachie watu wa Miami; jangwani kuna miiba na nyoka. Kila mtu mzima awe na kitambulisho chenye picha, leseni au pasipoti.

Hatua ya 3: Jumatano, Albuquerque

Nenda Makumbusho ya Taifa ya Sayansi na Historia ya Nyuklia, barabara ya Eubank. Nje wameegesha ndege za B-29 na B-52, na makombora marefu yamesimamishwa. Wape watoto saa mbili za kukimbia. Ndani utapata alfabeti ya mambo yote yajayo: atomu inapasukaje, plutoniamu ni nini, nani alikuwa nani. Lala mapema.

Hatua ya 4: Alhamisi, magharibi kwenye machimbo

Shika barabara kuu ya I-40 kuelekea magharibi. Kabla ya Grants utapita ardhi ya watu wa Laguna, wenyeji wa asili. Kaskazini ya barabara, jirani na kijiji cha Paguate, ndiko uliko mgodi wa Jackpile, shimo la wazi lililochimbwa kuanzia 1953 hadi 1982, moja ya machimbo makubwa ya urani ya aina hiyo duniani. Usikate kona kwenda kupiga picha. Ni ardhi ya watu, wana serikali yao na sheria zao, na mgodi wenyewe bado uko kwenye orodha ya maeneo ya kusafishwa.

Grants ni kilomita 125 kutoka Albuquerque. Mwaka 1950 mfugaji Mnavajo (Wanavajo nao ni wenyeji wa asili) aitwaye Paddy Martinez aliokota jiwe lenye rangi ya njano karibu na kilima cha Haystack, na mji uliokuwa wa karoti ukageuka mji wa urani. Makumbusho ya migodi ni madogo, lakini usiyapite. Unaingia kwenye lifti ya kawaida kabisa, inakushusha chumba cha chini, mlango ukifunguka uko mgodini: magogo yameshikilia dari, reli chini, mashine ya kutobolea mwamba imeelekezwa ukutani. Ni mgodi wa kuigiza, lakini waliouigiza walijua kazi. Mgeni wangu mmoja aliyewahi kufanya kazi migodini Geita alisimama mbele ya zile nguzo kama dakika tano, anazigonga kwa kidole, akaniambia, "Hizi zimefungwa na mtu aliyeogopa kufa."

Kutoka Grants endelea hadi Gallup, kilomita 100, kisha uende Church Rock kwa barabara ya 566. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote, ingawa cha kuona ni kidogo: vilima vyekundu, uzio, mabango ya onyo, nyumba moja moja, kondoo.

Tarehe 16 Julai 1979, alfajiri, ukuta wa bwawa la topesumu la kinu cha kusafishia urani ulipasuka. Zaidi ya tani 1,000 za mabaki na maji ya tindikali yapatayo lita milioni 350 yakaingia mto Puerco, yakashuka hadi Arizona. Watu walikuwa wakinywesha mifugo mtoni, watoto wakicheza humo. Wanaokumbuka bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui lilivyopasuka mwaka 2022, tope likafukia mashamba na nyumba, watapata picha. Tofauti ni kwamba hili la Church Rock lilibeba mionzi. Kwa wingi wa mionzi iliyomwagika, hakuna ajali iliyolipita Marekani, hata ile maarufu ya kinu cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island iliyotokea Machi mwaka huohuo. Muulize Mmarekani yeyote ajali ya 1979, atakutajia ile nyingine.

Wanavajo wanaiita urani leetso, udongo wa njano. Kati ya 1944 na 1986 zilichimbwa karibu tani milioni 30 za mawe kwenye ardhi yao, na migodi zaidi ya 500 ikaachwa wazi. Wachimbaji walifanya kazi kwenye vumbi na radoni, gesi yenye mionzi, bila kuelezwa hatari, wakanywa maji yaliyodondoka mgodini, na wengine wakachukua mawe ya mgodi kujengea nyumba. Mwaka 2005 taifa la Wanavajo lilipiga marufuku uchimbaji wa urani kwenye ardhi yake.

Adabu: kaa kwenye barabara kuu. Usiingie njia ya vumbi inayokwenda kwa mtu, usipige picha watu wala nyumba, na ukiona mdomo wa mgodi wa zamani usiukaribie hata kwa mzaha. Rudi Albuquerque ulale, kilomita 225.

Hatua ya 5: Ijumaa, Los Alamos

Pitia Santa Fe kwanza. Mtaa wa East Palace, namba 109, ndipo wanasayansi walipofikia mwaka 1943. Mama mmoja, Dorothy McKibbin, aliwapokea, akawapa pasi, akawapandisha mlimani. Barua zao zote zilikuwa na anwani moja, Sanduku la Posta 1663, Santa Fe. Watoto waliozaliwa kule juu, cheti cha kuzaliwa kiliandikwa sanduku hilohilo. Mtu kazaliwa posta!

Los Alamos yenyewe ilikuwa shule ya bweni ya wavulana kabla serikali haijaichukua. Jengo la Fuller Lodge lipo, na jirani yake mtaa wa Bathtub Row, ulioitwa hivyo kwa sababu nyumba zake tu ndizo zilizokuwa na mabafu ya kulala. Oppenheimer alikaa hapo. Makumbusho ya Bradbury ni bure, yana mifano ya mabomu yale mawili ya Hiroshima na Nagasaki kwa ukubwa wake halisi. Maabara bado inafanya kazi, kwa hiyo ukipita barabara ya Jemez utakuta geti la ulinzi. Punguza mwendo, toa leseni, simu weka chini.

Kabla hujashuka, kumbuka hili. Tarehe 12 Julai 1945 mwanafizikia Philip Morrison alitoka hapa na kiini cha bomu, kilo sita hivi za plutoniamu, metali inayotengenezwa kutokana na urani, kikiwa kiti cha nyuma cha gari dogo la jeshi, kuelekea jangwani kusini. Ndiyo safari unayokwenda kuifanya jioni hii. Lala Socorro.

Hatua ya 6: Jumamosi, Trinity

Jaza mafuta Socorro. Narudia, Socorro. Shuka hadi San Antonio (kijiji, si jiji la Texas), kata mashariki kwa barabara ya 380, kilomita 19, kisha kulia hadi geti la Stallion. Linafunguliwa saa 2 asubuhi, na saa 8 mchana halipokei mtu tena. Mimi hufika saa 12 na nusu nikanywa chai yangu kwenye foleni. Kutoka getini ni kilomita 27 ndani ya eneo la jeshi, bila kusimama, bila picha. Uwanda huo Wahispania waliuita Jornada del Muerto, safari ya mfu, karne kadhaa kabla ya bomu.

Ukifika utakuta bonde pana lisilo na kina, uzio, na mnara mfupi wa mawe meusi ya volkano. Mnara wa chuma wa mita 30 uliobeba bomu ulikuwa hapo. Tarehe 16 Julai 1945, saa 11 na dakika 29 alfajiri, ulitoweka. Mchanga uliyeyuka ukawa kioo cha kijani, trinitaiti. Vipande vingine bado viko chini. Tazama, inama, usiokote. Kuchukua ni kosa la jinai.

Panda basi la bure hadi nyumba ya shamba ya McDonald. Kiini kilikusanywa kwenye chumba cha kulala cha nyumba hiyo, tarehe 13. Chumba chenyewe ni kidogo, hata meza ya kulia watu kumi haitoshi.

Waliokaa upepo ulikopeleka vumbi la bomu hawakuonywa wala kuhamishwa. Jeshi lilitangaza kwamba ghala la risasi limelipuka. Mara nyingine utawakuta wajukuu wao wameshika mabango barabarani karibu na geti. Pita polepole, punga mkono, na ukiweza simama uongee nao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Zawadi: Asante kaka kwa somo. Nina mimba ya miezi minne, mume wangu anataka twende Oktoba. Mionzi je?

Jibu: Hongera dada. Jeshi linasema saa moja ndani ya uzio hukupa milirem (kipimo cha mionzi) nusu hadi moja. Kuruka kwa ndege kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine hukupa zaidi ya hapo. Hata hivyo muulize daktari wako kwanza. Na huko kuna foleni, jua na vumbi, ambavyo kwa mjamzito vinachosha kuliko hiyo mionzi. Mwache shemeji atangulie.

BinTanga: Sheikh, habari ya chakula? Hao wa San Antonio nasikia wana baga ya pilipili mbichi.

Jibu: Wanayo, pilipili za kijani za kuchoma, inasifiwa jimbo zima. Lakini nyama si ya halali. Nunua Albuquerque, weka kwenye boksi la barafu. Swala ya adhuhuri niliswali pembeni ya maegesho ya Trinity, hakuna aliyeniuliza.

Mpiga Debe: Mkuu nina kipima mionzi nimeagiza mtandaoni. Niende nacho?

Jibu: Nenda nacho, wengi hubeba. Kikilia karibu na kipande cha kijani usijitie ushujaa wa kukiweka mfukoni. Droni na silaha acha nyumbani.

Mtu wa Kusini: Na kwetu Mkuju, Namtumbo, kuna ziara?

Jibu: Ndugu yangu wa nyumbani! Mkuju si historia, ni mradi wa urani, na eneo lake lilikatwa kwenye mipaka ya urithi wa dunia ya hifadhi ya Selous mwaka 2012. Ziara hakuna. Ila ukienda Church Rock, nenda ukiwa na Namtumbo kichwani, na uulize habari za bwawa.

Fils ya Likasi: Aksanti ndugu, lakini umekosea mwanzo. Jiwe la bomu lile halikutoka Grants, lilitoka kwetu Kongo, mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Babu yangu alipakia mapipa kwenye treni, hakuambiwa ni nini.

Jibu: Hukukosea, na hiyo ndiyo kasoro niliyoitaja. Machimbo ya Grants ni ya baada ya 1950, yalilisha silaha zilizofuata. Urani ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ilitoka Katanga. Madini ya Shinkolobwe yalifika asilimia 65 ya urani, wakati ya huku hayakufika hata asilimia 1. Edgar Sengier, mkubwa wa kampuni ya Kibelgiji iliyochimba huko, alisafirisha tani zipatazo 1,200 mwaka 1940, zikakaa ghalani New York hadi Septemba 1942, jeshi lilipokuja kununua. Shinkolobwe yenyewe sikushauri mtu aende: serikali iliufunga mgodi mwaka 2004, na mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka ikaua watu. Uko jimbo gani?

Fils ya Likasi: Niko New Jersey.

Jibu: Basi uko jirani. Vuka daraja la Bayonne uingie Staten Island, ukishuka geukia ufukweni, chini ya daraja. Ghala lilikuwa maeneo hayo. Mapipa ya babu yako yalikaa hapo miaka miwili.

Fils ya Likasi: Daraja hilo napita kila siku kwenda kazini.