Somo: Namna ya kupima usalama wa mtaa Nakuru kabla ya kulipa kodi ya kwanza

Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, wageni wanaotafuta nyumba wameongezeka, na wengi huuliza: "Mtaa upi hauna wezi?" Hakuna. Swali linalosaidia ni jingine: kile kipande cha njia kutoka steji hadi getini kwako kikoje, kwa saa ambayo wewe utakuwa ukikipita? Fuata hatua hizi.

1. Soma takwimu, lakini zisikudanganye.
Makosa yaliyoripotiwa polisi huchapishwa kila mwaka, na kwa kawaida hupangwa kwa kaunti. Kaunti ya Nakuru ilikuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya 2019, na ndani yake kuna Naivasha, Gilgil, Molo na Njoro. Kwa hiyo idadi ya kaunti haikwambii lolote kuhusu mitaa ya jiji kama Free Area au Shabab.

Ukipata idadi ya mtaa, igawanye kwa idadi ya wakazi, kisha zidisha kwa 100,000. Tuchukue mfano wa kubuni: mtaa wenye watu 20,000 na visa 40 vya wizi una kiwango cha 200. Wenye watu 5,000 na visa 30 una 600. Huu wa pili ndio wenye shida, ingawa visa vyake ni vichache. Kumbuka pia kwamba anayenyakuliwa simu ya bei ya chini mara nyingi haendi kituoni. Mtaa unaoripoti sana huenda ni ule tu ambao watu wake bado wana imani na polisi.

2. Uliza kwa mafumbo kidogo.
Ukimuuliza mwenye nyumba kama kuna usalama, atasema upo. Nenda kwa mama mboga, kwa wakala wa M-Pesa, kwa vijana wa bodaboda. Waulize: "Hapa mnafunga saa ngapi?" Kibanda kinachofungwa saa moja jioni kimeshakujibu. Kisha uliza ni nini huibwa. Mitungi ya gesi na nguo za kambani ni kero. Ngeta, yaani kukabwa shingo ili uibiwe, ni jambo jingine kabisa, maana mtu anaweza kufa. Mzee wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa ulinzi wa majirani, naye anajua mengi, mradi umsalimie kwanza na usije na haraka.

3. Pita mwenyewe, mara mbili.
Hapa usikwepe. Pita saa kumi na moja alfajiri na saa mbili usiku, ukiwa na mwenzako. Angalia kama mulika mwizi, ile taa kubwa ya mtaa juu ya mlingoti mrefu, inawaka au ni mlingoti tu. Stima ikipotea, nayo huzimika, kwa hiyo ukibahatika kufika siku ya giza, tazama watu wanafanya nini: wanatembea, au kila mtu amejifungia? Chunguza viwanja vitupu vyenye magugu, kuta ndefu zisizo na geti, na vijia vya mkato. Njia ndefu yenye maduka ni afadhali kuliko ya mkato isiyo na jicho la mtu.

4. Kagua ploti.
Nani ana funguo za geti? Mlinzi analala? Madirisha yana vyuma? Mpangaji aliyetoka alirudisha funguo zote?

5. Ukishahamia, julikana.
Jirani asiyejua jina lako hatatoka ukipiga nduru.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni wa Kiti: Mwalimu, nimepata chumba Kaptembwa kwa bei nzuri. Wazazi wakisikia jina hilo wanakataa kabisa.
Jibu: Kaptembwa ni kubwa na ina watu wengi, na genge la Confirm limeifanya isemwe vibaya. Lakini kumbuka mauaji ya wanawake ya katikati ya 2022 yalitokea mtaa wa Mawanga, si huko. Mpeleke mzazi mmoja akapite nawe njia hiyo, kama hatua ya tatu inavyosema. Akirudi bado anakataa, msikilize.

Baba Pendo: Na London?
Jibu: London yetu hii ya Nakuru? Sehemu kwa sehemu. Usikodi bila kupita usiku.

Dada wa zamu: Natoka kazini saa nne usiku. Nitembee au nipande boda?
Jibu: Panda, dada, lakini ya mtu mnayejuana, wa steji ya karibu na kazini. Mtumie jirani namba ya pikipiki kabla hujaondoka. Simu ibaki mfukoni hadi ufike.

Mzee Kijana: Nilivunjiwa nyumba mwaka jana. Kituoni niliambiwa nitoe kitu kidogo ndipo waandike.
Jibu: Pole, mzee wangu. Kuandikisha kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ni bure, na fomu ya P3, ile ya daktari kwa aliyeumizwa, pia ni bure. Usiondoke bila namba ya OB. Ukiombwa pesa, piga IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, kwa 1559, haina malipo. Kama wezi bado wako ndani, usianze kubishana na mtu. Piga 999 au 112. Na kabla ya yote hayo, leo hii bonyeza *#06# uandike kwenye daftari namba ya IMEI, ile inayotambulisha simu yako.

Mama Wawili: Wakimshika mwizi kwetu, mawe huanza kabla hatujajua ni nani. Tufanyeje?
Jibu: Mama, anayerusha jiwe anaweza kushtakiwa kwa mauaji, na aliyelala chini pengine ni mpita njia. Mwiteni mzee wa nyumba kumi na polisi. Mambo haya yazungumzwe kwenye mkutano kabla hayajatokea, kwa sababu usiku ule hakuna atakayekusikiliza.

Mgeni wa Kiti: Moja la mwisho. Mwenye nyumba hataki nibadilishe kitasa.
Jibu: Mwambie utanunua kwa pesa zako, na cha zamani utakihifadhi umrudishie ukihama. Akikataa hata hivyo, muulize ni nani mwingine aliye na ufunguo wa chumba hicho.