Mahindi yametoka, maharage yanaingia: pima kwanza kama atrazini bado imo udongoni

Atrazini ni dawa ya kuua magugu inayopuliziwa kwenye mahindi. Mahindi huivunja ndani ya majani yake, maharage hayawezi. Kwa wastani nusu ya dawa hupotea udongoni kwa siku 60 hivi, ila wastani huo si wa shamba lako. Penye joto, unyevu na mboji vijidudu huimaliza upesi. Msimu ukiwa mkavu, hukaa. Kwa hiyo usihesabu siku, pima. Kazi yote ni wiki 3.

1. Ujue udongo. Jaza chupa theluthi moja udongo, ongeza maji na sabuni ya unga kidogo, tikisa dakika 5, kisha iache. Mchanga hutua ndani ya dakika 2. Mfinyanzi huchafua maji hadi kesho yake. Mchanga ukiwa mwingi, mvua kubwa huishusha dawa chini, hata kuelekea kisimani. Mfinyanzi na mboji huishika juu.

Pima pia pH, yaani kiwango cha tindikali udongoni. Kwenye tindikali atrazini huvunjika mapema zaidi. pH ikipita 7, kama ilivyo kwenye mbuga nyingi za udongo mweusi wenye vijiwe vya chokaa, hudumu. Shamba lililowekwa chokaa karibuni nalo litiliwe shaka. Usiibebe kanuni hii kwa kila dawa: imazapiri, inayopakwa kwenye mbegu za mahindi dhidi ya kiduha (gugu linalofyonza mizizi ya mahindi), hudumu zaidi kwenye tindikali.

2. Chukua sampuli. Pita shamba kwa zigizaga, sehemu 12. Udongo wa sentimita 0–10 uweke ndoo moja, wa 10–20 ndoo nyingine. Mwisho wa mistari, mpuliziaji anapogeuka, dawa humwagika mara mbili: hapo chota sampuli ya peke yake, usiichanganye, maana mchanganyiko utaficha tatizo. Chukua na udongo wa kulinganishia kando ya shamba, wa aina ileile, usiowahi kupuliziwa. Panda siku hiyohiyo. Udongo mbichi ukikaa kwenye mfuko, vijidudu huendelea kuila dawa.

3. Panda. Vikopo 3 vya nusu lita kwa kila sampuli, mbegu 4 za maharage kila kikopo. Usitie mbolea. Mwagilia kidogo kidogo juu ya kisahani. Maji yakitiririka nje yanaondoka na dawa unayoitafuta. Weka juani. Atrazini huua kwa kuzuia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, hivyo kivulini dalili huchelewa na utadanganyika.

4. Soma majani. Wiki ya kwanza haikuambii kitu, kwani atrazini haizuii mbegu kuota. Wengi hukosea hapa: wanaona yameota yote, wanakimbilia kupanda. Subiri majani yatanuke. Dalili ni manjano kuanzia kingo za majani ya chini, kisha kingo hukauka rangi ya kahawia. Vikopo vya kulinganishia vikiwa hivyohivyo, tatizo si dawa; rudia kwa udongo mwingine.

5. Amua. Ikiathirika 0–10 peke yake, lima kwa kina kuipunguza makali, kisha rudia jaribio. Ikiathirika 10–20 peke yake, usilime kwa kina, utaipandisha kwenye mbegu. Zikiathirika zote mbili, panda mahindi au mtama msimu huu.